Baridi ya Julai Inasingiziwa

Begonia ni miongoni mwa mimea ya ndani inayopendwa katika mitaa ya Eastlands, Nairobi. Huonekana kwenye madirisha ya nyumba za Buruburu, kwenye roshani za ghorofa za Umoja na Donholm, na katika ndoo kuukuu za rangi zilizopangwa milangoni Jericho na Kayole. Kila mwaka, kati ya Juni na Agosti, nyingi hunyauka, hupukutisha majani na kufa. Sababu inayotolewa ni moja, na hutolewa na karibu kila mtu, kuanzia muuzaji miche wa kando ya barabara hadi jirani wa ghorofa ya juu: "Imechomwa na baridi." Begonia ni mmea wa nchi za joto, Nairobi ya Julai ina baridi, basi mjadala umefungwa.

Dai hilo halisimami. Begonia nyingi zinazokuzwa ndani hazikutoka katika nchi za joto kali. Baridi ya Nairobi, hata ile ya Julai, haifikii kiwango cha kuziua zikiwa ndani ya nyumba. Zinauawa na kiza, maji ya ziada na udongo usiopitisha maji. Ubaya zaidi ni kwamba mambo hayo matatu huongezewa nguvu na juhudi zile zile zinazofanywa ili kuziokoa na baridi.

Kosa la kwanza liko katika asili ya mmea. Jenasi ya begonia ina spishi zaidi ya 2,000, zilizoenea Afrika, Asia na Amerika, nyingi zikiwa katika ukanda wa tropiki. Watu wengi husikia tropiki wakafikiria joto la pwani. Lakini tropiki ina milima, na halijoto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 za Selisiasi kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Mombasa na Nairobi zote ziko karibu na ikweta, na hakuna anayezidhania kuwa na hali ya hewa moja. Begonia kwa sehemu kubwa ni mimea ya misitu ya milimani, kwenye miamba yenye unyevu, ukungu na kivuli chepesi.

Begonia rex, mzazi mkuu wa zile zenye majani ya rangi ya fedha, zambarau na nyekundu, ilifika Ulaya katika miaka ya 1850 kutoka Assam, kaskazini mashariki mwa India, ambako usiku wa Januari hushuka hadi karibu nyuzi 10. Begonia veitchii, mmojawapo wa wazazi wa begonia za viazi zenye maua makubwa, ilipatikana katika milima ya Andes karibu na Cuzco, Peru, mahali palipo juu zaidi ya mita 3,000. Begonia grandis ya China huenda mbali zaidi: majani yake hufa majira ya baridi yanapoingia, kiazi hubaki ardhini, kisha huchipua upya hali inapotulia. Mmea wenye ndugu wa namna hiyo hauwezi kuelezwa kwa neno moja kwamba ni wa joto.

Afrika Mashariki nayo ina ushahidi wake. Begonia meyeri-johannis, inayotambaa juu ya miti na kutoa maua meupe, humea katika misitu ya mvua ya milima ya Kenya na Tanzania, ukiwemo Kilimanjaro. Iliitwa hivyo kwa heshima ya Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kilele cha mlima huo mwaka 1889. Hukua katika mwinuko unaolingana na wa Nairobi na hata kuupita, wala haijengewi kibanda cha kuikinga. Kwenye kisiwa cha Socotra, kilichojulikana sana na mabaharia wa majahazi yaliyopita kati ya Arabuni na pwani ya Waswahili, mtaalamu wa mimea Isaac Bayley Balfour alikusanya Begonia socotrana mwaka 1880. Mmea huu hulala wakati wa joto na ukame, kisha hukua na kutoa maua katika miezi ya ubaridi. Damu yake imo katika begonia nyingi za maua zinazouzwa leo zikiwa katika vyungu vidogo, zikiwemo zile zinazoishia kwenye meza za sebuleni Nairobi. Kwa hiyo mmea unaoogopewa Julai una babu aliyechagua mwenyewe kuchanua wakati wa baridi.

Kosa hili lina historia ndefu. Katika karne ya 19 Waingereza walipokea okidi kutoka milima ya Amerika ya Kusini, wakazifungia katika vibanda vya vioo vilivyopashwa joto kali kwa mvuke, kwa hoja kwamba zimetoka tropiki. Zilikufa kwa wingi. Ilibidi wakulima, James Bateman akiwa mmoja wao, waanze kutetea ukuzaji wa okidi katika ubaridi ndipo mimea ya milimani ikaanza kustawi. Walioua okidi zile walikuwa na nia njema na makaa ya mawe mengi ya kupashia vibanda. Walichokosa ni kuuliza mmea ulitoka mwinuko gani.

Kosa la pili linahusu namna baridi inavyodhuru mmea. Kuna njia mbili, na mabishano mengi hutokana na kuzichanganya. Ya kwanza ni kuganda. Halijoto ikishuka chini ya sifuri, maji yaliyomo katika jani hugeuka barafu, seli huharibika, na jani lililokuwa gumu huwa tepetepe na jeusi mara barafu inapoyeyuka. Begonia, yenye mashina yaliyojaa maji, haina kinga dhidi ya hali hiyo. Wakulima wa viazi wa Nyandarua na wa chai wa Kericho wanaijua jalidi na hasara yake. Mkazi wa Makadara haijui, kwa kuwa haimfikii.

Njia ya pili ni baridi isiyogandisha. Utando unaozunguka kila seli umejengwa kwa mafuta, na katika mimea isiyozoea baridi mafuta hayo huanza kuwa mazito halijoto inaposhuka, kama mafuta ya nazi yanavyoganda ndani ya chupa asubuhi ya Julai. Utando huo ukipoteza ulaini wake, maji na chumvi huvuja na kazi za seli huvurugika. Kila mmea una kiwango chake. Ndizi huanza kudhurika chini ya nyuzi 13, ndiyo maana ganda lake huwa jeusi ikiwekwa kwenye friji. Begonia za ndani, kwa jumla, hupunguza kasi ya kukua chini ya nyuzi 15 na huvumilia hadi kama nyuzi 10 bila madhara ya kudumu. Muda nao huhesabiwa. Usiku mmoja wa nyuzi 9 unaofuatwa na mchana wa nyuzi 20 haulingani na wiki nzima ya nyuzi 9 usiku na mchana, kwa sababu mmea ulioumia kidogo usiku hupata nafasi ya kujirekebisha unapopata joto.

Sasa vipimo vya Nairobi. Katika kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti, kilicho karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, wastani wa halijoto ya chini kabisa ya usiku ni kama nyuzi 10 mwezi wa Julai na kiasi hicho hicho Agosti. Wenye dai la baridi huishia hapo. Wangeendelea kusoma safu hiyo hiyo wangekuta kwamba Septemba ni kama nyuzi 10.5, na Januari na Februari ni kama nyuzi 11.5. Usiku wa Septemba, basi, unakaribia kabisa kuwa sawa na wa Julai, na usiku wa Januari umeuzidi kwa nyuzi moja na nusu tu. Ikiwa usiku wa Julai unaua begonia, Septemba ingekuwa mwezi wa maziko, na Januari isingekuwa mbali. Lakini Septemba ndipo begonia zilizobaki huanza kuchipua, na hakuna anayelalamikia baridi Januari.

Tofauti kubwa iko mchana. Februari mchana hufika karibu nyuzi 26, Julai karibu nyuzi 21. Hata hapo dai linawageukia wenye kulitoa, kwa kuwa nyuzi 21 ni halijoto ambayo vitabu vya bustani huipendekeza kwa begonia za majani kama rex. Mtu anayetafuta mahali ambapo hali ya hewa huziumiza begonia angefaa kutazama Mombasa, ambako Februari na Machi mchana hupita nyuzi 31 na usiku haupoi. Begonia za viazi hasa huchukia usiku wa joto. Hutupa machipukizi ya maua na mashina yake huoza. Kwa halijoto peke yake, Nairobi ni mahali pazuri zaidi kwa begonia kuliko pwani yote ya Kenya.

Vipimo hivyo, isitoshe, ni vya hewa ya nje, katika kisanduku cheupe kilichosimamishwa juu ya nyasi mahali pa wazi. Begonia inayobishaniwa iko ndani. Eastlands yenyewe iko chini ya Dagoretti kwa zaidi ya mita 100, na imejengwa kwa msongamano unaohifadhi joto la mchana. Nyumba ya ghorofa ya kati huko Umoja ina ukuta wa mawe, zege juu na chini, jirani kila upande, na watu kadhaa waliopika ugali na kuchemsha maji ya kuoga jioni ile ile. Chumba hicho hakishuki hadi halijoto ya nje. Nyumba ya mabati hupoa zaidi, ni kweli, lakini hata hiyo haiwezi kuwa na baridi iliyozidi ya nje kwa kiasi cha maana, na ya nje kwa wastani iko pale pale penye mpaka wa uvumilivu wa mmea. Mwenye shaka na aweke kipimajoto kidogo karibu na chungu usiku kucha. Kifaa hicho ni cha bei nafuu na hakibishani na mtu.

Kama si baridi, kwa nini ni Julai? Jibu la kwanza ni mwanga. Kuanzia Juni, upepo wa kusi unaotoka baharini hupandisha hewa yenye unyevu hadi nyanda za juu, na Nairobi hufunikwa na tabaka la mawingu ya chini ambalo huweza kukaa siku nyingi bila kufunguka. Dagoretti hupata wastani wa saa tisa hivi za jua kwa siku Januari na Februari, na saa nne hivi tu Julai na Agosti. Urefu wa mchana haubadiliki, kwani karibu na ikweta mchana ni takriban saa 12 mwaka mzima. Linalobadilika ni jua lenyewe kufichwa. Mmea unaoishi kwa usanisinuru umenyang'anywa zaidi ya nusu ya saa zake za jua, na bado anayelaumiwa ni nyuzi moja na nusu za usiku.

Kuna jambo lingine ambalo wakazi wengi hawalitazami. Nairobi iko kusini kidogo mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri huwa upande wa kusini mwezi wa Januari na upande wa kaskazini kati ya mwisho wa Machi na Septemba. Dirisha linalotazama kusini, lililokuwa likipokea jua Januari, halipokei miale ya moja kwa moja Julai hata siku mawingu yanapopasuka. Mwenye nyumba hakuhamisha chungu, lakini jua limehama. Mmea uliokuwa mahali pazuri sasa uko kivulini, na mwenyewe anaapa kwamba hakuna kilichobadilika isipokuwa baridi.

Ujenzi wa Eastlands huongeza tatizo hilo. Nyumba za Buruburu, zilizojengwa kuanzia miaka ya 1970, zina ua mdogo na madirisha yanayotazama anga. Ghorofa zilizoota baadaye Umoja, Tassia na Pipeline zimebanana kiasi kwamba dirisha la chumba hutazama ukuta wa jirani. Januari, jua likiwa kali, ukuta huo huakisi mwanga wa kutosha kuilisha begonia. Julai ukuta wa kijivu huakisi anga ya kijivu. Ndani ya chumba mwanga hupungua haraka kadiri mtu anavyoondoka dirishani, na begonia iliyo juu ya kabati la televisheni upande wa pili wa sebule huwa gizani kwa kipimo cha mmea, hata kama jicho la binadamu bado linasoma gazeti bila taabu.

Jibu la pili ni maji, na hapa ndipo begonia nyingi hufia. Mmea wenye mwanga mdogo hukua polepole na kunywa maji kidogo. Hewa yenye unyevu na ubaridi hukausha udongo polepole. Mizizi yenyewe hufyonza maji kwa uvivu udongo unapopoa. Kikombe kile kile cha maji kilichotosha Februari, mara mbili kwa wiki, huwa mafuriko Julai. Lakini ratiba ya kumwagilia haibadiliki, na katika mitaa yenye mgao wa maji huwa mbaya zaidi: siku maji yakija, mitungi hujazwa na mimea hunyweshwa hadi ifurike, kwa hofu kwamba hayatarudi karibuni.

Ushahidi hupatikana kwa kung'oa. Begonia iliyokufa Julai katika nyumba ya Umoja, ikitolewa katika ndoo ya rangi ilimopandwa, husema yenyewe. Kwanza ndoo haina tundu hata moja chini. Udongo unatoka ukiwa bonge moja jeusi linalonata viganjani, ule udongo mzito wa tambarare za mashariki mwa Nairobi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Chini ya bonge kuna maji yaliyosimama, yenye harufu ya mtaro. Mizizi, ambayo ingepaswa kuwa myeupe na imara, ni ya kahawia, na ikivutwa kwa vidole ngozi yake huvuka na kubaki uzi mwembamba. Shina, pale linapogusana na udongo, limelainika na kuwa jeusi. Lakini majani ya juu kabisa, yale yanayokutana na hewa ya usiku kabla ya sehemu nyingine yoyote, ndiyo ya mwisho kuharibika. Baridi haianzi kuua mmea kutoka chini ya ndoo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kinachotokea ndani ya ndoo hiyo kinaeleweka vizuri. Mizizi huhitaji hewa. Udongo uliojaa maji hauna nafasi ya hewa, mizizi hukosa oksijeni na kufa, na viumbe kama Pythium, wanaopenda unyevu, huingia kuimaliza. Mmea usio na mizizi hauwezi kupandisha maji, basi majani hulegea, na mwenyewe, akiyaona yamelegea, humwagilia tena. Mchakato huu huchukua majuma kadhaa. Mara nyingi ulianza wakati wa mvua ndefu za Aprili na Mei, ukajificha, ukajitokeza Julai. Tarehe ya kifo imechukuliwa kuwa tarehe ya jeraha.

Jibu la tatu ni kuvu. Ukungu wa kijivu, Botrytis, hupenda hewa tulivu yenye unyevu na ubaridi wa kiasi, yaani sebule ya Nairobi iliyofungwa madirisha Julai. Huanzia kwenye ua lililonyauka au jani lililoangukia juu ya udongo, kisha hupanda shina. Ukungu mweupe unaofanana na unga uliomwagika juu ya majani nao hushamiri katika hewa isiyotembea. Kuvu hizi zinahitaji ubaridi kidogo ili zistawi, na hapo wenye dai la baridi wana chembe ya haki. Lakini chumba chenye ubaridi ule ule, majani yakiwa makavu na hewa ikipita, hakizipi nafasi.

Hoja zenye nguvu za upande wa pili zinastahili kujibiwa. Ya kwanza ni ya vitabu: Shirika la Kifalme la Bustani la Uingereza huziweka begonia nyingi za majani katika kundi la mimea isiyofaa kuachwa chini ya nyuzi 10 hadi 15. Hilo ni kweli, na halipingani na yaliyosemwa. Ni onyo kwa msomaji ambaye nje kwake huweza kushuka chini ya sifuri majira ya baridi, na ambaye mchana wake wa Desemba ni wa saa nane tu. Onyo hilo likihamishiwa Nairobi bila kupimwa, hugeuka hofu isiyo na kitu cha kuogopwa.

Ya pili ni ya macho: majani yaliyogusa kioo cha dirisha yalipata mabaka meusi. Hilo pia hutokea. Kioo kimoja chembamba katika fremu ya chuma hupoa karibu sawa na hewa ya nje, na jani lililolala juu yake hupoa nacho. Tiba ni kuusogeza mmea kiasi cha upana wa kiganja kutoka kwenye kioo. Kuuondoa dirishani ni tiba inayozidi ugonjwa.

Ya tatu ni ya mmea mpya: begonia ilinunuliwa Juni ikiwa imejaa majani, na wiki mbili baadaye ikapukutika. Mimea mingi ya kuuzwa hukuzwa chini ya plastiki, katika unyevu na mwanga uliosambaa vizuri. Kuihamishia ghafla kwenye sebule yenye kiza na hewa tofauti huifanya iangushe majani ambayo haiwezi kuyalisha. Ingefanya hivyo hivyo Machi katika chumba chenye kiza kama hicho.

Ya nne husemwa na wenye begonia za rex na za viazi: mmea ulikauka wote, hakikubaki kitu. Mara nyingi kilibaki. Begonia za viazi, na baadhi ya rex, mwanga unapopungua hupumzika kwa kuacha majani na kuhifadhi uhai katika kiazi au katika shina nene linalotambaa juu ya udongo. Kiazi kigumu kikishikwa ni kizima. Kikiachwa katika udongo mkavu au wenye unyevu kidogo tu, huchipua mawingu yanapoondoka. Begonia ngapi zimetupwa kwenye jaa la Dandora zikiwa hai, zimehukumiwa kufa kwa baridi, hakuna aliyehesabu.

Madhara ya dai hili hayaishii kwenye maneno. Anayeamini kwamba baridi ndiyo adui huuondoa mmea dirishani na kuupeleka pembeni penye joto, yaani penye kiza zaidi. Huufunika kwa karatasi ya plastiki, na hivyo hufungia unyevu ambao kuvu huutafuta. Huufungia madirisha mchana kutwa. Huumwagilia maji ya uvuguvugu kila asubuhi ili kuupasha joto, na maji hayo, yakishapoa baada ya muda mfupi, hubaki kuwa maji ya ziada. Wengine huongeza mbolea ili kuutia nguvu, ilhali mmea usiokua hauwezi kuitumia, na chumvi zake huunguza mizizi iliyokwisha kudhoofika. Kila hatua kati ya hizi ina jina la huruma, na kila moja huukaribisha uozo.

Hatari kuliko zote ni jiko la makaa. Kuliingiza ndani usiku wa Julai, iwe kwa ajili ya watu au kwa ajili ya mimea, hujaza chumba kilichofungwa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu ambayo imeua familia zikiwa usingizini. Hilo pekee latosha kulipiga marufuku. Moshi wa mkaa una pia ethilini, gesi ile ile inayoivisha ndizi, na begonia huathirika nayo upesi: maua na machipukizi huanguka. Mmea ambao usiku wa nyuzi 12 usingeugusa, huvuliwa maua na joto lililoletwa kuulinda.

Utunzaji unaofaa Julai ni rahisi kuliko huo wote. Chungu kiwe na matundu, na sahani ya chini imwagwe maji kila baada ya kunywesha. Udongo mweusi mzito usitumiwe peke yake. Uchanganywe na mboji iliyoiva na mchanga mkubwa, au makapi ya mpunga, au kokoto nyepesi za volkano, mpaka maji yapite badala ya kutuama juu. Kidole kiingizwe udongoni hadi pingili ya kwanza: kikitoka na unyevu, maji yasubiri, hata kama yatasubiri siku kumi. Mmea uhamishiwe dirisha la kaskazini au la mashariki kuanzia Aprili, karibu na kioo bila kukigusa. Dirisha lifunguliwe mchana ili hewa ipite. Majani yaliyoanguka na maua yaliyonyauka yaondolewe. Mbolea ingoje Septemba. Begonia ya nta, ile ndogo yenye majani ya kung'aa, inaweza hata kubaki nje mwaka mzima, kama inavyofanywa katika bustani nyingi za Nairobi, chini ya anga ile ile inayodaiwa kuua zilizo ndani.

Baridi halisi huacha alama zake, na anayezijua hahitaji kukisia. Jeraha la baridi huanzia upande wa mmea ulioelekea kioo au mlango, kwa mabaka ya majimaji yanayogeuka meusi ndani ya siku moja au mbili, huku mizizi ikibaki myeupe. Ukosefu wa mwanga hurefusha mashina, hupausha rangi na kuangusha majani ya chini kwanza. Maji ya ziada hulegeza mmea mzima wakati udongo umelowa, na hunuka. Katika nyumba za Eastlands, alama za aina ya kwanza ni nadra, na za aina mbili za mwisho zimejaa. Mwenye begonia inayonyauka Julai na ang'oe achunguze mizizi kwanza, apime mwanga wa dirisha lake pili, ahesabu vikombe vya maji tatu. Akishamaliza hayo yote bila kupata jibu, hapo ndipo ana haki ya kuitaja baridi.